Ernst May: Mjenzi wa nyumba za haraka, na swali la nani ni wa muda



Wiki mbili zilizopita nilipanda treni ya SGR kwenda Nairobi kufuatilia karatasi za kiwanja ambacho nyumba ya mamangu imesimama juu yake, hapa Majengo, Mombasa. Jirani zetu hawahitaji maelezo marefu: nyumba ni yetu, ardhi ni ya mwingine. Marehemu babu alijenga kwa boriti, fito na udongo, akaezeka makuti. Babangu naye akabomoa kiwambaza kimoja kimoja akaweka matofali ya simiti, akashusha makuti akapiga mabati. Kila mwezi kodi ya kiwanja ililipwa na risiti zikatiwa kwenye mkebe wa biskuti. Mwaka huu ikaja barua kwamba ardhi imepata mnunuzi na sisi tujitayarishe. Ndani ya barua hiyo nyumba yetu, ambayo inanizidi umri, imeitwa jengo la muda.

Ofisi niliyoiendea iliniambia nirudi alasiri. Nikabaki na saa nne za kuzurura mjini, na miguu ikanipeleka Barabara ya Kimathi, mbele ya jengo liitwalo Kenwood House. Maelfu hupita hapo kila siku bila kuinua macho. Mimi niliyainua kwa sababu moja tu. Nilipokuwa nasomea diploma ya ujenzi, zaidi ya miaka ishirini sasa, mwalimu wetu alitutajia jina la msanifu aliyelichora jengo hilo mwishoni mwa miaka ya 1930. Nikaliandika daftarini, mtihani ukapita, nikalisahau. Jina lenyewe ni Ernst May.

Mtu huyu alifahamika dunia nzima kwa kazi moja: kusimamisha nyumba nyingi, kwa haraka, kwa bei ndogo, kwa watu wasio na pa kulala. Na yeye mwenyewe alipoteza makao si mara moja. Leo nataka nikusimulie maisha yake, kwa sababu swali alilolibeba toka Ulaya hadi Nairobi ndilo swali lililo mlangoni kwa mamangu.

Kijana wa Frankfurt

May alizaliwa tarehe 27 Julai 1886 mjini Frankfurt, Ujerumani, katika familia ya wenye kiwanda cha bidhaa za ngozi. Nasaba yake ilikuwa na damu ya Kiyahudi, jambo ambalo wakati ule halikumzuia kusoma wala kufanya kazi, lakini lilikuja kumgharimu baadaye. Alisomea usanifu wa majengo Ujerumani, akapitia Uingereza pia, na kabla ya vita vya kwanza alifanya kazi London katika ofisi ya Raymond Unwin. Unwin alikuwa mmoja wa mabingwa wa wazo la miji ya bustani: kwamba mfanyakazi asibanwe katika vyumba vya giza karibu na kiwanda, bali apate nyumba ndogo yenye hewa, jua na kipande cha bustani, katika mtaa uliopangwa kwa akili. Kijana May alilichukua wazo hilo akaondoka nalo, na hakuliacha maisha yake yote.

Vita vya 1914 hadi 1918 vilipokwisha, Ujerumani iliyoshindwa ilikuwa imejaa watu wasio na nyumba. May alipewa kazi Breslau, mji mkuu wa jimbo la Silesia, ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław. Toka mwaka 1919 hadi 1925 aliongoza shirika la kujenga makazi ya vijijini. Mpaka mpya na Poland ulipochorwa, watu walivuka na mizigo yao kichwani wakitafuta pa kujistiri. Ofisi ya May ikalazimika kubuni nyumba za dharura, nyingine za mbao. Hapo ndipo alipojifunza kwamba mkimbizi hawezi kungoja michoro mizuri. Anataka paa kabla ya baridi.

Nyumba kama bidhaa ya kiwandani

Mwaka 1925 mji wake wa kuzaliwa ulimwita. Meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, alimkabidhi mamlaka yote ya ujenzi wa mji. Kwa miaka mitano May na wenzake walijenga zaidi ya nyumba 10,000 katika mitaa mipya kama Römerstadt na Praunheim. Wasomi wa usanifu mpaka leo huenda kuzitazama. Mapaa bapa, kuta nyeupe zisizo na urembo, madirisha ya kuingiza jua, na bustani ya mboga nyuma.

Sisi watu wa ujenzi tunamkumbuka kwa jambo jingine. May alifungua kiwanda cha kufyatua vibao vikubwa vya zege. Kibao kimoja kilikuwa na urefu wa mita 3, kimo cha zaidi ya mita moja na unene wa sentimita 20. Vibao vilikauka kiwandani, vikabebwa hadi uwanjani, winchi ikavipanga kimoja juu ya kingine. Kuta ambazo fundi wa matofali angezijenga kwa wiki nyingi zilisimama kwa siku chache. Leo tunaona kawaida kununua nguzo na vibao vilivyokwisha kufyatuliwa, lakini mwaka 1926 jambo hilo lilikuwa kama mazingaombwe.

Hata jiko lilipimwa. Katika ofisi yake alikuwemo msanifu mwanamke kutoka Vienna, Margarete Schütte-Lihotzky, aliyehesabu hatua za mama wa nyumba toka sinia hadi jiko, akachora jiko dogo ambalo kila kitu kinafikiwa kwa mkono. Majiko kama 10,000 ya namna hiyo yalitiwa katika nyumba za Frankfurt. Kabati za jikoni zinazouzwa leo Mombasa na Nairobi, zilizopangwa ukutani mfululizo, zina ukoo na jiko hilo.

Mwaka 1929 wasanifu wa kisasa kutoka nchi nyingi walikutana Frankfurt, May akiwa mwenyeji. Mada ilikuwa moja: nyumba ndogo kabisa ambayo mtu anaweza kukaa na bado akawa na heshima ya binadamu iwe na ukubwa gani, jua kiasi gani, hewa kiasi gani. Walipima kila kitu. Jambo moja halikuwa na haja ya kupimwa pale, kwa sababu mji wenyewe ndio uliotoa ardhi au kuinunua: haki ya mtu kubaki mahali alipojengewa.

Kutoka Magnitogorsk hadi Arusha

Uchumi wa dunia ulipoanguka, fedha za kujenga Frankfurt zilikauka. Mwaka 1930 May alialikwa na serikali ya Urusi ya Kisovieti. Akaondoka na kundi la wasaidizi wake, akakabidhiwa miji mizima ya kupanga, ukiwemo mji wa chuma wa Magnitogorsk karibu na milima ya Ural. Huko alikuta wafanyakazi maelfu kwa maelfu wamekwisha kufika kabla ya mji, wakiishi katika mahema, mabanda ya mbao na vibanda vilivyochimbwa ardhini, katika baridi ya kuua. Michoro yake ilibishaniwa, vifaa havikufika, wakubwa wakabadilisha mawazo. Mwisho wa mwaka 1933 aliondoka.

Lakini aende wapi? Hitler alikuwa ameshika madaraka Januari ya mwaka huo. Mtu mwenye damu ya Kiyahudi, aliyefanya kazi Moscow, na ambaye mapaa yake bapa yalichukiwa na watawala wapya kama kitu kisicho cha Kijerumani, hakuwa na mlango wa kurudia. Ndipo akaichagua Tanganyika, iliyokuwa chini ya Waingereza, ambako walowezi Wajerumani walikuwa bado wengi.

Mwaka 1934, akiwa na miaka 47, Ernst May alianza kulima shamba karibu na Arusha, chini ya Mlima Meru. Mimi nina miaka 46. Nilipokuwa nimesimama pale Kimathi nilijaribu kuwaza mtu wa umri wangu, aliyewahi kuamuru winchi na viwanda, akianza upya na ng'ombe, mvua na wadudu wa mazao, katika nchi asiyoijua. Alijenga nyumba yake mwenyewe shambani. Miaka mitatu baadaye, 1937, kazi ya mikono yake ikamvuta tena. Akafungua ofisi ya usanifu Nairobi.

Nairobi, mji uliozaliwa katika mahema

Nairobi aliyoikuta May ilikuwa haijafikisha miaka 40. Reli kutoka Mombasa ilifika mahali pale mwisho wa Mei 1899, na mji ulianza kama kambi ya mahema na mabanda ya mabati kwenye kinamasi. Mwaka 1902 tauni ilipoingia, soko la Wahindi lilitiwa moto kwa amri ya serikali, kana kwamba ni takataka. Majina ya mitaa yanakumbuka kambi hizo hadi leo. Kariokor imetokana na kambi ya wapagazi wa vita vya kwanza.

Watu wetu walikuwepo toka mwanzo. Wapagazi na wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani, na wake na watoto wao, walikaa katika vijiji vya Pangani, Maskini, Kileleshwa, na kimoja kilichoitwa Mombasa. Vijiji hivyo viliondolewa kimoja baada ya kimoja. Kileleshwa, upande wa magharibi, sasa ni mtaa wa maghorofa ya wenye nacho. Pangani ndiyo iliyodumu mwisho. Ikabomolewa mwaka 1939, na watu wakahamishiwa Shauri Moyo na Pumwani. May alikuwa ameshafika Nairobi wakati nyumba za Pangani zinaangushwa.

Hoja ya serikali ilikuwa nyepesi. Mwafrika mjini alihesabiwa kuwa mpita njia. Anakuja na kipande shingoni, anafanya kazi, anarudi kwao mashambani. Kwa hivyo nyumba yake nayo ni ya muda, hata akiikaa miaka 30. Magharibi mwa mji, kwenye miinuko yenye hewa baridi, ardhi ilikatwa vipande vikubwa kwa Wazungu, na hati zikaandikwa kwa miaka mingi.

May alichora majengo ya mji huo uliogawanyika. Kenwood House ni mojawapo, Delamere Flats ni mengine, pamoja na nyumba za watu binafsi. Alijifunza jua la ikweta linavyopita, upepo unavyoingia, mvua inavyopiga ukuta. Akajenga nyumba yake Karen, mtaa uliokatwa kutoka shamba la kahawa la mwandishi Karen Blixen baada ya mama huyo kufilisika na kurudi Denmark mwaka 1931.

Lakini amani haikudumu. Vita vya pili vilipoanza, Waingereza hawakujali kwamba May alikuwa amemkimbia Hitler. Kwao alikuwa Mjerumani, basi ni adui. Mwaka 1940 akakamatwa, akapelekwa Afrika Kusini, akawekwa kambini hadi 1942. Mtu aliyewajengea wakimbizi wa Silesia nyumba za dharura akalala miaka miwili katika makao ya dharura, nyuma ya uzio.

Nyumba ya kulabu

Alipoachiliwa alirudi Nairobi, na mwaka 1945 akatoa kazi ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote alizozifanya Afrika. Ni nyumba ya vibao vya kutundika kwa kulabu.

Nitaieleza kama fundi. Chukua mbavu za zege zilizopinda, uzisimamishe kwa safu zikutane juu, kama mtumbwi uliogeuzwa kifudifudi. Hakuna ukuta na paa mbali mbali, kwani upinde unaanzia ardhini na kurudi ardhini. Halafu chukua vibao vyembamba vya zege vyenye kulabu, uvitundike kwenye mbavu hizo kimoja juu ya kingine kama vigae. Vipande vyote ni vidogo vya kubebeka. Hapa hapakuhitajika winchi kama Frankfurt, wala fundi bingwa. Watu wachache waliofundishwa kidogo wangeweza kuisimamisha haraka, na mchwa asipate cha kula. Umbo lake lilikusudiwa pia liwakumbushe watu msonge wa asili.

Ukiitazama katika historia, nyumba hiyo ina ndugu. Katika vita vya kwanza, mwaka 1916, mwanajeshi Peter Nissen alibuni banda la mabati la nusu duara lililoenea katika kambi za jeshi kote duniani. Mfaransa Jean Prouvé naye, kati ya 1949 na 1951, alitengeneza nyumba za chuma na alumini zilizofumuliwa vipande na kupelekwa kwa ndege Niamey na Brazzaville. Wasanifu wakubwa wa karne ile walipenda wazo la nyumba inayobebeka kama gari au hema.

Nyumba za mfano za May zilijengwa, lakini mpango wake haukuenea. Makampuni na serikali hazikuzinunua kwa wingi. Na hata kama zingeenea, nina shaka juu ya jambo moja. Mpangaji aliyetakiwa kukaa ndani yake asingekuwa na karatasi yoyote. Angekaa kwa idhini ya mwajiri, na kazi ikiisha, nyumba imeisha, hata kama zege ni la miaka mia.

Kosa lake

Hapa sitaki kumpamba marehemu. Mwaka huo huo wa 1945 serikali ya Uganda ilimwita kupanga upanuzi wa Kampala, na ripoti yake juu ya vilima vya Kololo na Naguru ilichapishwa Nairobi mwaka 1947. Ni kazi ya mtu mwenye ujuzi: barabara zinafuata miinuko, mabonde yameachwa wazi, shule na masoko yamefikiriwa. Lakini Wazungu na Wahindi wamewekwa Kololo na Waafrika Naguru, na bonde katikati yao. May aliamini kwamba Mwafrika atafundishwa maisha ya mjini polepole, hatua kwa hatua, chini ya uangalizi. Aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya damu yake alikubali kuchora mji kwa hesabu ya damu.

Wengine husema alikuwa mtu wa zama zake. Huenda. Lakini katika zama hizo hizo wafanyakazi wa bandari hapa Mombasa waligoma mwaka 1939 na tena Januari 1947, na kodi na ubovu wa nyumba vilikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Hawakusubiri kufundishwa. Walijua wanachotaka.

Pwani nayo ilipata sehemu katika kazi zake. Alichora Oceanic Hotel ya Mombasa, iliyotazama bahari ili kila chumba kipate upepo. Alifanya mpango wa mtaa wa makazi Port Tudor katika miaka ya mwanzo ya 1950. Kule Moshi alichora jengo kubwa la chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kichaga, KNCU. Mtu akitaka kuona May alivyoweza kujenga kwa heshima pale Waafrika wenyewe walipokuwa ndio wenye ardhi na wenye kulipa, aende Moshi.

Hali ya hatari ilitangazwa Kenya Oktoba 1952. Kufikia mwanzo wa 1954 May alikuwa amerudi Ujerumani baada ya miaka 20 Afrika Mashariki. Miji ilikuwa magofu, na mamilioni hawakuwa na nyumba, kama ilivyokuwa ujanani mwake. Akaajiriwa Hamburg na shirika kubwa la nyumba la Neue Heimat, akashiriki katika mipango ya mitaa kama Neue Vahr mjini Bremen. Alifariki Hamburg tarehe 11 Septemba 1970, akiwa na miaka 84.

Kutoka Kimathi hadi Kibra

Alasiri ile ofisini niliambiwa nirudi kesho. Nikapanda matatu ya Barabara ya Ngong kwenda kulala kwa binamu yangu, Kibra, upande wa Makina. Njia nzima niliangalia upande wa magharibi wa Nairobi kwa macho ya somo hili. Mafundi wa viti na vitanda chini ya mabati na turubai. Vitalu vya maua. Nyuma yao maghorofa ya Kilimani, na mbele zaidi kuta ndefu za Karen.

Binamu yangu ameoa Mnubi. Babu wa mkewe walikuwa askari wa Kisudani wa jeshi la Mwingereza, waliokaa msitu ule toka mwanzo wa karne iliyopita. Mwaka 1918 ardhi ya ekari zaidi ya 4,000 ilitangazwa rasmi kuwa yao ya kukaa, lakini bila hati ya kumiliki. Serikali ya mkoloni, na zilizofuata, zikawahesabu kama wapangaji wa kuvumiliwa tu. Walijenga kwa udongo na mabati kwa sababu kujenga kwa mawe hawakuruhusiwa au hawakuthubutu. Halafu udongo na mabati yakawa ushahidi kwamba wao ni wa muda. Mwaka 2017 ndipo jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hati, ya ekari 288. Mwaka uliofuata, Julai 2018, matingatinga yaliingia Kibra kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu wakalala nje.

Usiku ule tulikaa kibarazani na mzee wa nyumba, tukinywa kahawa. Nilimweleza habari za May na nyumba ya kulabu. Mzee alitaka kujua kitu kimoja tu: kiwanja cha nyumba hiyo kiliandikwa kwa jina la nani. Hakuuliza habari za zege wala mbavu. Miaka 60 na zaidi ameishi chini ya mabati, na swali alilouliza ndilo ambalo mkutano wa Frankfurt wa 1929 haukulipa nafasi.

Hilo ndilo nililorudi nalo Mombasa. Tumezoeshwa kufikiri kwamba nyumba ni ya muda kwa sababu ya vifaa: makuti ni ya muda, mawe ni ya kudumu. Maisha ya Ernst May yanaonyesha sivyo. Nyumba za Prouvé zilikuwa za kufumuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimeshang'olewa Niamey na Brazzaville na kurudishwa Ufaransa, na mwaka 2007 moja ikauzwa New York kwa karibu dola milioni 5 kama kazi ya sanaa. Hiyo ilikuwa nyumba ya muda kwa kila hali, na imekuwa hazina kwa sababu ina mwenyewe. Nyumba ya mamangu imesimama mahali pamoja vizazi vitatu, na inaitwa ya muda kwa sababu kiwanja kina jina la mtu mwingine.

Mzizi wake ni sheria, si simiti. Sheria ya hati za ardhi ya pwani ya mwaka 1908 iliwapa hati waliojua kudai mbele ya afisa, na waliobaki wakawa wakaazi kwa ridhaa ya mwenye hati. Ndipo ikazaliwa desturi yetu ya nyumba bila ardhi, ambayo Wamombasa waliijenga kwa kuaminiana: unalipa kodi ya kiwanja, unajenga, unauza nyumba, unarithisha. Uaminifu ule ulitosha mwenye ardhi alipokuwa jirani unayesali naye safu moja. Siku hizi anayenunua hajui hata mlango wa mtaa unatazama wapi.

Kwa hiyo kila msemaji anapokuja pwani na ahadi za nyumba za bei nafuu, na michoro ya rangi ya maghorofa yanayosimama kwa miezi michache, sina ugomvi na michoro. Ufundi wa kujenga haraka upo, na May aliujua karibu miaka mia iliyopita. Nitamuuliza lile la mzee wa Makina. Kiwanja kitaandikwa kwa jina la nani, na wanaokaa hapo leo watakuwa wapi siku ya kukabidhiana funguo?

Nanyi mlio katika hali kama yetu, Majengo, Kisauni, Likoni na kwingineko, nawaomba mambo matatu. Wekeni risiti za kodi ya kiwanja, hata zile za babu zilizoliwa na mende, na mzipige picha. Andikeni nani alijenga nini na mwaka gani, wakati wazee wangali hai wa kutoa ushahidi. Na msijibu barua ya kuhama mmoja mmoja gizani. Kaeni mtaa mzima, mtafute wakili mmoja, mkajibu pamoja.

Ofisi kule Nairobi iliniambia mwishowe kwamba faili linatafutwa. Nilipofika nyumbani mamangu alisikiliza yote, kisha akataka kujua kama zile bati mbili za upande wa choo nitazibadilisha kabla ya masika. Nimezinunua. Jumamosi inshallah nitapanda juu kuzipiga.

Wallahu a'lam. Tuonane wiki ijayo.